Gervasi na Ng'ombe wa Mbao Tatu

Shemeji yangu Gervasi anazijua habari za watu waliokufa miaka mia tano iliyopita kuliko anavyoijua bei ya maharage. Umkute pale Gitega mjini juu ya ngazi, anachora kichwa cha mteja kwenye ukuta wa kinyozi, umwambie tu "Habari za kazi, shemeji," hatakujibu kama watu wanavyojibu. Atakuambia kwamba yule mama anayetabasamu kwenye picha ya Leonardo hana nyusi. Kaangalie, atasema, hana hata unywele mmoja. Tena mwaka 1911 picha hiyo iliibiwa huko Paris, na watu wakapanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu. Mimi nimechoshwa na ukuta huo. Nimeusikia tangu alipomwoa dada yangu Adventina, na huu ni mwaka wa ishirini na saba.

Ugonjwa huu aliupata kwenye kambi ya wakimbizi. Sisi sote tulikulia Tanzania, upande wa Kigoma, na wakati wenzake tunapigania mpira wa makaratasi, Gervasi alikaa chini ya ukuta wa kanisa na kitabu cha wachoraji alichopewa na padri mmoja aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Kitabu hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa kumi na moja, katikati ya maisha ya mtu fulani. Mpaka leo kuna mchoraji ambaye Gervasi anajua alivyougua, alivyogombana na majirani na alivyozikwa, ila hajui ni nani. Jambo hilo linamuuma kweli, msimcheke mbele yake.

Tuliporudi Burundi kila mmoja alirudi na chake: huyu mabati, huyu baiskeli, huyu mbuzi. Gervasi alirudi kijijini kwetu Gishubi na kitabu na brashi nne. Mabati aliyabeba Adventina.

Sasa wanalima mihogo na maharage kama sisi wengine, na siku tatu kwa juma Gervasi anakwenda mjini Gitega kuchora kuta za watu. Angekuwa na kazi nyingi zaidi kama si kichwa chake kigumu. Hachori asichokiona. Kuna mwenye hoteli alimwagiza achore kuku mzima kwenye sahani, Gervasi akamuuliza kuku huyo yuko wapi. "Unauza paja moja na mchuzi," akamwambia, "nami nitakuchorea paja moja na mchuzi." Akafukuzwa, akarudi nyumbani kwa miguu akiwa ameridhika kabisa.

"Hao watu wako wa kwenye kitabu," dada yangu alimuuliza siku hiyo, "walikuwa wanakula nini?"

"Vincent, yule wa alizeti, aliuza picha chache mno maisha yake yote. Unazihesabu kwa vidole."

"Na mkewe alisemaje?"

"Hakuwa na mke."

"Nilijua," alisema Adventina, akaendelea kuchambua maharage.

Basi, mwaka jana mtoto wao Fredi, fundi wa pikipiki, alimpata Upendo. Upendo alikuwa anasomea uuguzi Gitega, binti mwenye akili na heshima zake, na alimpenda Fredi pamoja na grisi yake yote. Kwao ni Mwakiro, huko Muyinga. Baba yake ni Mzee Adriano, na Mzee Adriano ni mtu wa ng'ombe. Hapo ndipo tulipokwama.

Siku hizi, mahari ikienda, ng'ombe anatajwa kwa mdomo. Msemaji wa upande wa mume anasimama, anamsifu ng'ombe mpaka watu wanasikia harufu ya maziwa, halafu anatoa bahasha na kila mtu anapiga makofi. Msemaji wetu nilikuwa mimi, Longino, na maneno yangu nilikuwa nimeshayapanga. Lakini Adriano akapiga simu.

"Eka! Hapana. Bahasha haikamuliwi. Mi nataka ngombe, na nataka kuiona mbele ya kusema ndiyo. Bila kuona, binti iko hapa nyumbani."

Fredi akampiga picha Gaju, ng'ombe wa kwao, akaituma kwenye simu ya jirani yake Adriano, maana ya Adriano mwenyewe ni ya kitochi. Jibu likaja jioni hiyohiyo: "Hii ngombe iko kama panya. Na nitajua namna gani iko yenu?" Kumpeleka Gaju mwenyewe Mwakiro akatazamwe tu, halafu labda arudishwe, ilikuwa ni kumkausha maziwa. Fredi akaacha kula. Ndipo Gervasi aliposema, kwa sauti ya mtu aliyeisubiri siku hiyo tangu utotoni: "Nitamchora. Kwa ukubwa wake halisi."

Niwaambie kwanza kuhusu Gaju. Ni ng'ombe mwema. Anatoa maziwa kuliko ng'ombe wowote wawili hapo Gishubi, na kila mwaka anazaa. Lakini sura Mungu hakumpa. Pembe moja inatazama mbinguni, nyingine inatafuta kitu kilichoanguka chini. Sikio la kushoto lilichanwa na mbwa. Mifupa ya nyonga imetokeza kiasi kwamba unaweza kutundika kofia, na mimi nimeshatundika.

Gervasi alinunua tripleksi mbili, zile mbao nyembamba za kupigia dari, akaziunga, akazisimamisha kando ya zizi. Siku nne alichora, na siku nne nilisikiliza. Nilisikia habari za Myron, Mgiriki wa kale aliyetengeneza ng'ombe wa shaba. Wazee wa huko walisimulia kwamba ndama walikuja kumnyonya. Nilisikia habari za Roza Bonheur, mama wa Kifaransa aliyechora wanyama, ambaye ilimbidi apate kibali cha polisi ili avae suruali aende kwenye minada ya mifugo. Adventina alikuwa anapita na ndoo ya maji kichwani. "Angekuja kuomba kibali hicho kwangu," akasema, "ningempa na jembe."

Siku ya tano picha ikawa tayari, na ilikuwa ya kweli kabisa. Sikio, nyonga, pembe ya mbinguni na pembe ya ardhini, vyote vilikuwepo. Fredi aliitazama, akabadilika rangi.

"Baba, huyu ndiye wa kuniolea mke?"

"Ndiye huyu uliyenywa maziwa yake."

"Mrembeshe kidogo basi," dada yangu alisema. "Kidogo tu, baba Fredi. Hata bibi harusi anapakwa poda."

Gervasi akaweka brashi chini. Nikajua kinakuja kisa, na kilikuja.

"Mfalme Henri wa Uingereza alitafuta mke," alisema.

"Wa kwanza?" aliuliza dada.

"Wa nne."

"Mungu wangu!"

"Akamtuma mchoraji wake, Holbein, Mjerumani, akamchore binti mmoja wa mbali aitwaye Anna wa Kleve. Mfalme akaiona picha, ikampendeza, akaagiza aletwe. Binti akafika. Mfalme kumwona, akasema hampendi. Walifunga ndoa kwa shingo upande, na baada ya miezi sita ikavunjwa."

"Na mchoraji?" niliuliza.

"Mchoraji alipona."

Sikupenda alivyonyamaza baada ya hapo. "Na aliyekuwa anazungumza maneno ya ndoa? Mshenga?"

Gervasi alijikuna shingo. "Waziri aliyeisimamia ile ndoa alikatwa kichwa mwaka uleule. Walimshtaki makosa mengine, lakini na ndoa ile ilimponza."

Mimi mshenga mwenzake nilifungua kifungo cha kola. Nikasema: shemeji, usiguse hata unywele wa ng'ombe huyo, mwache kama Mungu alivyomwumba. Ningeshinda kesi hiyo. Lakini Fredi, mwanamume wa miaka ishirini na nne, alikaa juu ya ndoo akafunika uso kwa mikono yake yenye grisi, mabega yakaanza kutikisika. Baba yake alimtazama muda mrefu. Hakuna kitabu cha wachoraji kinachomfundisha mtu afanye nini hapo.

"Sikio tu," alisema Gervasi.

Akaziba sikio. Sikio likawa zuri mno, nyonga zikaonekana vibaya zaidi, akazijaza nyama. Nyonga zikawa za ng'ombe wa bwana mkubwa, kiwele kikaonekana kama pochi, akakijaza pia. Kufikia jioni alikuwa anapiga mluzi. Pembe alizinyoosha, akazirefusha kama za ng'ombe wa watemi wa zamani, zikapanda, zikapanda mpaka ubao ukaisha. Nilidhani atasimama hapo. Akaenda kununua tripleksi ya tatu, kwa ajili ya pembe peke yake.

Tuliisafirisha picha kwa lori la Radjabu, mfanyabiashara wa vitenge wa Muyinga mjini anayekuja Gitega kila juma. Radjabu aliizunguka mara mbili kabla ya kuifunga kamba. "Vraiment, kweli kabisa, hii iko ngombe," alisema. "Mi ningekuwa na binti, ningemtoa leo."

Kule Mwakiro wazee walikuwa wameketi kwenye viti, pombe iko kwenye mitungi, mirija tayari. Tulipoifunua picha, Mzee Adriano alisimama taratibu, mtu mrefu mwenye koti la kijani, akavua kofia. "Amashyo!" alisema, salamu ile ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Sina hakika alikuwa anatusalimu sisi au picha. Alikaa mbele yake wakati wote wa hotuba yangu, na hotuba yangu ilikuwa nzuri. Mwisho akanigeukia.

"Msemaji, ngombe yenyewe iko hii?"

Mimi ni msomaji wa masomo kanisani. "Ndiye," nilisema. Nikaisikia shingo yangu ikipata baridi.

Akasema ndiyo. Harusi ikapangwa Jumamosi moja baada ya mwezi, na Gaju aletwe Alhamisi kabla yake. Mwezi huo Upendo alikuwa akimpigia Fredi simu kila Jumapili. Baba ameitundika sebuleni, amehamisha kabati. Baba amewaita majirani kuja kuiona. Baba amewapa pombe. Baba amewaita wengine wa mlima wa pili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, lakini yetu ilikuwa inazidi kupanuka, na watu wanapita juu yake kwa makundi. Gervasi aliacha kusimulia. Majuma manne sikusikia habari ya mchoraji hata mmoja, na sitaki kusema uongo, nilimhurumia.

Alhamisi ilifika. Gaju alipanda lori la Radjabu, nasi tukapanda naye na nguo za harusi kwenye mifuko. Radjabu alimtazama Gaju, akatutazama sisi. "Mi nilibeba moja," alisema, "na leo nabeba ingine."

Mwakiro tulikuta watu zaidi ya arobaini uani, wamevaa nguo za Jumapili siku ya Alhamisi. Radjabu akafungua mlango wa nyuma. Gaju akashuka kinyumenyume, na tope mapajani, sikio lake lililochanika likipepea, akatoa mlio mmoja wa kulalamika. Bibi mmoja aliyesimama mbele kabisa akatuuliza kwa upole:

"Na mama yake anashuka saa ngapi?"

Adriano hakucheka. Alimzunguka Gaju mara mbili. Akainama, akakamua chuchu moja kwenye kiganja, akaonja. Akaingia ndani. Upendo alikuwa amesimama mlangoni na beseni, anamtazama Fredi, na Fredi anatazama matairi ya lori. Kisha sauti ikatoka ndani: "Nyinyi wawili. Kujeni."

Tukaingia mimi na Gervasi. Sebuleni picha ilikuwa imeziba ukuta mzima, na ubao wa pembe umegusa mabati.

"Bon," alisema Adriano. "Ile ngombe ya nje mi nimeijua vile nimekamua. Ngombe kama ile nimetafuta miaka kumi. Shida haiko ngombe. Shida iko hii." Akaionyesha picha kwa kidole. "Juma nne nanywesha watu pombe juu ya hii! Leo watasema Adriano wamemdanganya na rangi, kama mtoto mdogo. Mi nitatoa binti yangu kwa watu wamefanya nichekwe? Jumamosi hakuna harusi."

Nilikuwa na maneno. Msemaji hakosi maneno. Kabla sijayatoa, Gervasi akanipita akasimama mbele.

"Mzee, shemeji hana kosa, na kijana hana kosa. Nilimchora ng'ombe wa kweli, halafu nikamwonea aibu. Mwanangu alilia, nami nikachora uongo. Itoeni picha nje. Nitaisahihisha mbele ya watu wako wote, na nitawaambia mwenyewe."

Kumbe kwenye mfuko wa suti ya harusi alikuwa amefungasha brashi na makopo. Sikumuuliza kwa nini. Tukaitoa picha, tukaiegemeza kwenye lori, na Gervasi akawaambia wale watu arobaini kama alivyomwambia Adriano, sauti inapanda na kushuka. Alikuwa amekunja mikono mbele kama mtu aliye kizimbani. Mimi nilitazama chini. Niliona aibu kwa ajili yake, na niliona fahari, na vyote viwili vilinichoma machoni.

Kisha akaanza. Fredi alimshika Gaju kamba, Gaju akasimama kama aliyezaliwa kuchorwa. Nyama za nyonga zikaondoka. Halafu mzee mmoja hakuweza kuvumilia. "Hapo mfupa iko zaidi!" Gervasi akaongeza mfupa. "Sikio! Sikio ya huku!" Sikio likachanika. Yule bibi akasogea akasema, "Weka na matope," Gervasi akaweka matope. Watu wakaanza kucheka, si kicheko kibaya, kicheko cha watu wanaofanya kazi pamoja. Gaju akakojoa. Mmoja akapaza sauti kwamba hilo nalo lichorwe. Nilimwona Adriano kwenye kiti chake amefunika mdomo kwa kofia.

Kilipobaki kipande cha mwisho, Gervasi alipanda juu ya ndoo, akainua brashi kwenye ubao wa tatu. Adriano alisimama kama aliyeumwa na siafu. Alimfikia, akamshika kiwiko, akasema kwa chini. Nilikuwa karibu, ndiyo maana nilisikia.

"Pembe acha."

"Mzee, pembe ndizo uongo mkubwa kuliko wote."

"Acha, sha! Mi niliambia watu nilienda mpaka Gishubi, nikazipima na mkono yangu."

Walitazamana, baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, kila mmoja na uongo wake. Mungu alinisaidia nisicheke, maana nilijiuma ulimi mpaka leo nina alama. Gervasi akashuka kwenye ndoo.

"Kazi imekwisha!" Adriano alitangaza kwa sauti kubwa. "Pembe zimetosha!" Yule bibi alitazama pembe za picha, akatazama za Gaju, akafungua mdomo. Radjabu akamwekea chupa ya Fanta mkononi.

"Na harusi, mzee?" niliuliza, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonileta.

"Harusi iko Jumamosi. Nani alisema haiko?"

Beseni la Upendo lilianguka. Fredi akaachia kamba, Gaju akaenda zake kwenye majani ya migomba ya wakwe zake, na hakuna aliyemfuata.

"Lakini," Adriano alimwambia Gervasi, "andika jina yako hapo chini. Mtu akiuliza pembe, aulize we. Asiulize mi."

Nusu ya kuta za Gitega amezichora Gervasi. Zina majina ya vinyozi, ya wenye hoteli, na ya wauza rangi. Jina lake halimo popote, na kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza nani kachora. Nilimsubiri atuambie habari ya mtu wa kwenye kitabu. Badala yake alipiga magoti kwenye vumbi, akaandika taratibu, herufi baada ya herufi: GERVASI. Halafu, kwa mazoea ya mabango, akaongeza namba ya simu.

Dada yangu alisogea nyuma yake. Aliisoma kazi ile kwa sauti, kuanzia jina mpaka tarakimu ya mwisho, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Umesahau Gishubi," alisema.

Gervasi alichovya brashi. "Herufi ndogo au kubwa?"

"Kubwa," alisema Adventina.